Kioo Kilichosahau

Kila asubuhi, kabla ya kuingia kwenye gari lake, Inspekta aligonga boneti mara tatu kwa ngumi. Hakuna aliyemfundisha. Siku moja gari liligoma, akaligonga kwa hasira, likawaka, na tangu hapo wakawa wanaelewana hivyo. Basi akagonga, akakaa, akavuta kiti mbele, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likapiga chafya ya moshi mweusi, kisha kitu kizito kikaanguka chini yake kwa kishindo cha sufuria iliyoponyoka jikoni.

Dirisha la chumba cha mama yake likafunguka.

"Limekufa?"

"Limepumzika, mama."

"Limekufa. Mungu alilaze pema. Leo mchana tunakwenda kutafuta lingine, na usiniambie una kazi."

Inspekta alikuwa na kazi. Alikuwa na fundi magari kijana amelala selo kwa wiki nzima, na mkuu wa kituo aliyetaka kijana huyo apandishwe kizimbani kesho asubuhi. Alishika njia kwa miguu, na kwa kuwa hakuwa na usukani wa kushika, akaishika ile kesi na kuipitia tena toka mwanzo.

Jumamosi usiku, gari jekundu la michezo, lile la milango miwili la daktari wa meno, lilimgonga mlinzi wa shule kando ya lango lake, likaenda kubamiza nguzo ya taa. Dereva akatimua mbio. Mlinzi alivunjika mguu, na alichokiona ni taa tu. Daktari alisema yeye alikuwa nyumbani kwake. Gari alikuwa amelipeleka gereji kwa sababu breki zilikuwa zinalia. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa fundi, wa pili kwenye kabati la daktari. Fundi naye alisema alikuwa amelala. Anaishi peke yake, na usingizi hauna shahidi.

Mambo mawili yalimkaba fundi shingo. La kwanza, mpira wa mlango wa dereva ulikuwa umechanika juu, na mkuu wa kituo alishikilia kwamba fundi ameuchana mwenyewe ili ionekane mwizi alivunja. La pili ni betri. Gereji ya yule kijana ni uwanja wazi uliozungushiwa mnyororo ambao hata mbuzi anauruka, kwa hiyo kila jioni alikuwa akifungua waya kwenye kichwa cha betri ya kila gari la mteja, lisiweze kuwaka. Betri ya gari lile jekundu imefichwa nyuma kwenye buti, chini ya zulia. Aliyeliiba alijua betri imefunguliwa, akajua na mahali ilipo, akaifunga. "Nani mwingine alijua?" mkuu aliuliza, na kila mtu ofisini akatazama viatu vyake.

Kwenye kaunta ya kituo alimkuta mzee mmoja mrefu, shati limepigwa pasi, ameweka chupa ya chai mbele ya askari wa zamu. Alikuwa baba yake yule fundi. Kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu wa udereva, na nusu ya madereva wa mji walipitia mikononi mwake, Inspekta akiwemo. Walimwita Mwalimu Breki. Ni kwa sababu yake Inspekta aliendesha polepole kiasi kwamba kituoni walimpa jina la Konokono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Inspekta." Akaisogeza chupa kidogo. "Mwambieni chai isipoe."

"Utaingia umwone?"

"Mwambieni tu isipoe," alisema mzee, akageuka, akaondoka. Ndivyo alivyosema jana, na juzi, na siku zote tangu kijana alipokamatwa.

Inspekta aliipeleka chupa mwenyewe. Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mikono yake safi kupita kiasi, kama ya mtu aliye likizo asiyoitaka.

"Nati ya kichwa cha betri imetafunwa," Inspekta alimwambia. "Ina vijino vidogo vidogo pande zote. Uliifunga kwa kifaa gani?"

"Sikuifunga, Afande. Niliifungua tu. Kwa spana ya saizi yake."

"Na kama ungekuwa na haraka?"

"Hata ningekuwa nakimbizwa na simba. Koleo kwenye nati ni aibu. Baba angenifukuza kwake." Akasita. "Na hilo gari, Afande, breki zake nilikuwa nimezifungua nusu, nasubiri vipuri. Nani atapanda gari aliloling'oa breki kwa mkono wake?"

"Mtu gani mwingine alijua kuhusu betri?"

"Nilishasema. Mwenye gari. Alinipigia jioni ile akitaka kuja kulichukua. Nikamwambia halijawa tayari, na nimeshafungua betri. Yeye anasema hakumbuki kama tulizungumza hayo." Akaipokea chupa, akafungua mfuniko, akanusa mvuke, akaufunga tena. "Mzee ameuliza chochote?"

"Amesema chai isipoe."

Kijana akatikisa kichwa. "Basi."

Inspekta alipotoka alikuwa anamfikiria daktari wa meno. Siku ile ya kwanza walisimama pamoja kwenye uwanja wa kituo, kando ya gari lililobondeka pua, na daktari alikuwa amelipa mgongo. "Tangu nilinunue halijaguswa na spana ya mtu yeyote," alisema akitikisa kidole. "Siku ya kwanza namwamini fundi, ona! Sijalitia machoni tangu nilipolipeleka kwake, na sasa sina hamu hata ya kulitazama." Kisha akaongeza kwamba ameshaanza kutafuta gari jingine kwenye ile yadi ya barabara kuu, maana bima yake haikawii kulipa. Mtu amefiwa na gari alilolipenda hivyo, halafu hata matanga hajamaliza anatafuta jingine.

Alimpigia simu mama yake. "Haya. Tukutane yadi."

"Nimeshafika zamani," mama alijibu.

Muuzaji wa yadi alikuwa mwanamume mnene wa miwani myeusi na mdomo usio na mapumziko.

"Karibu, mama mkubwa. Karibu, dada. Tunatafuta gari la kazi au la raha?"

"La kubeba magunia," alisema mama.

"La kujaribu," alisema Inspekta. "Lile jekundu la michezo. Nimesikia kuna daktari wa meno anatafuta gari hapa."

Mama akalizunguka lile gari, pacha wa lile la daktari lililobondeka, mkoba kwapani. "Mbona milango miwili? Mingine imeibiwa?"

"Hapana, mama mkubwa. Gari la aina hii linaitwa kupe."

"Kupe nawajua. Wanakaa kwenye ng'ombe."

"Hili ni jina la umbo lake, mama. Halimnyonyi mtu."

"Hilo tutajua ukitaja bei."

Muuzaji akacheka, akafungua buti kwa ufunguo, akainua zulia, akakaza kichwa cha betri kwa spana. Magari yakikaa yadi muda mrefu, alieleza, wanafungua betri zisiishe nguvu. Kisha akamfungulia Inspekta mlango wa dereva kwa madaha. Inspekta akaketi, akavuta kiti mbele, akaushika mlango ili aufunge.

"Usifunge!" Muuzaji aliruka, tumbo likatangulia. "Dada yangu, usifunge! Shusha kioo kwanza!"

Mkono wa Inspekta ukaganda hewani. "Kuna nini?"

"Tazama. Kioo chake hakina fremu. Kwa kawaida ukifungua mlango, chenyewe kinashuka kidogo, ukifunga kinapanda na kujichomeka chini ya mpira wa juu. Lakini betri ikifunguliwa, kioo kinasahau. Hata ukiirudisha, kinabaki kimesimama tu juu kama mjinga. Ukibamiza mlango, kinakula mpira wote." Akaingiza mkono, akabonyeza swichi, kioo kikashuka, akafunga mlango taratibu, akakipandisha kioo na kukiacha kidole juu ya swichi kwa muda. "Haya. Kimekumbuka."

Inspekta aliinua macho. Akaupitisha mkono kwenye mpira mweusi juu ya dirisha, akausimamisha pale ambapo ncha ya kioo ingegonga. Kwenye gari la daktari mpira ulikuwa umechanika hapo hapo, si juu zaidi wala chini zaidi. Hakuna aliyeuchana. Ulikuwa umeliwa na kioo. Na fundi aliyezoea kufungua betri kila jioni asingebamiza mlango ule hata akiwa usingizini.

"Wewe umeyajulia wapi haya?" aliuliza.

"Mimi? Mimi nauza magari ya familia. Kupe hili ni la kwanza kuingia hapa, na juzi nusura nililemaze. Huyo daktari wako ndiye aliyeniokoa. Nilishika mlango nifunge, akanidaka mkono, utadhani naua mtu."

Inspekta akafunga mkanda. Aliwasha gari.

Mama alikunjwa nyuma, kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mkoba na si kwa mwenye mkoba, magoti yakimfika kidevuni. Muuzaji alikaa mbele. Wakatoka yadi kwa mwendo ambao mwendesha baiskeli mmoja aliwapita akageuka kuwatazama.

"Dada, hili gari lina gia nyingine baada ya hiyo," muuzaji alisema kwa upole.

"Naijua."

"Kawaida tunazunguka kupitia shuleni. Kuna barabara imenyooka vizuri. Ila yule daktari alikataa katakata. Alisema tupite sokoni, kwenye foleni. Gari la michezo, kwenye foleni ya nyanya! Na breki! Kila baada ya hatua anaikanyaga, kama anaua nyoka. Nikamuuliza, 'Daktari, vipi, huziamini?' Akasema anazijaribu tu. Jasho linamtoka."

"Sisi tutapita shuleni," alisema Inspekta.

Kwenye lango la shule kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu, kofia yake imetundikwa kwenye msumari. Nguzo ya taa ilikuwa bado imeinama. Inspekta akakanyaga breki pale, taratibu, kama Mwalimu alivyomfundisha. Gari likatii, likasimama. Akakaa kidogo akiusikiliza mguu wake. Lile jingine halikutii, na aliyekuwa ndani yake hakujua kwamba halitatii. Fundi alijua.

Mbele yake barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani kwa wiki nzima kikamtoka, na kabla hajakitafutia jina, mguu wake ulikuwa umeshashuka. Gari likanguruma, likaruka. Miti ikawa ukuta mmoja.

"We mtoto!" mama alipiga kelele nyuma. "Nani anatukimbiza?"

"Hakuna, mama. Leo sisi ndio tunakimbiza."

"Dada, yadi iko upande ule," alisema muuzaji, ameshika mkanda kwa mikono miwili.

"Majaribio hayajaisha. Tunapitia kwa daktari wa meno." Inspekta akamwonyesha kitambulisho bila kuondoa macho barabarani.

Muuzaji akavua miwani. "Mimi sijui chochote, Afande. Mimi nauza magari ya familia."

Kwenye kliniki nesi alikuwa peke yake mapokezi. Mama, ambaye miguu yake ilikuwa bado imekufa ganzi, aliingia akichechemea na kujiangusha kwenye benchi.

"Pole, mama. Jino?" nesi aliuliza. "Kama ni gego, wiki hii hatung'oi. Koleo la magego limeharibika."

Inspekta alikuwa anataka kumwulizia daktari. Akaliacha swali lile, akashika hili. "Limeharibikaje?"

"Ncha zimelika. Daktari anasema ni jino la mteja mmoja, gumu ajabu."

"Mteja huyo alikuwa mamba?" mama aliuliza.

Nesi akacheka, akafungua droo. "Lione mwenyewe. Halafu lina kitu cha kijani humu kwenye mikunjo. Nimelichemsha, nimelisugua, hakitoki."

Inspekta alilipokea kwa leso. Ndani ya midomo ya koleo kulikuwa na vijino vidogo vidogo vilivyopangwa kama vya msumeno, vile vya pembeni vimelala. Katikati yake ulikuwa umeshika unga wa kijani uliopauka. Unga ule aliufahamu. Ulikuwa umejaa kwenye betri ya gari lake mwaka mzima, na kila aliyelifungua boneti alimsema.

"Lilikuwa hapa Jumamosi?"

"Jumamosi tulifunga mchana. Daktari aliondoka na mkoba wake, na vifaa vya kliniki ya watoto wa Jumapili vilikuwa humo. Jumatatu ndipo akanionyesha kwamba limeharibika."

Mlango wa ndani ukafunguka. Daktari wa meno alisimama hapo na koti lake jeupe, anapangusa mikono. Alimwona Inspekta, akatabasamu, kisha kupitia dirishani akaliona gari jekundu limeegeshwa nje, na tabasamu likabaki halina mwenyewe.

"Karibu, Inspekta. Naona umelipenda lile gari."

"Zuri sana. Ila nusura niuharibu mlango. Muuzaji amenizuia, anasema wewe ndiye mwalimu wake."

"Ah, jambo dogo. Kila mwenye gari la namna hii analijua."

"Kioo kinasahau pale tu betri inapofunguliwa. Yako iliwahi kufunguliwa lini?"

"Wakati wa... matengenezo. Zamani."

"Uliniambia tangu ulinunue halijaguswa na spana ya mtu."

Daktari akaendelea kupangusa mikono iliyokwisha kukauka. "Labda nilisoma mahali."

"Labda. Na kilichochana mpira wa gari lako pia umekisoma?" Inspekta akafunua leso, akaliweka koleo kwenye sinia la chuma. "Na hili, daktari. Ulimng'oa nani jino lenye nati?"

Nesi akaziba mdomo. Daktari alitazama koleo, akamtazama nesi, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kiti cha wagonjwa kikamgusa magoti, akakaa. Taa kubwa ilikuwa juu ya uso wake. Hakuna aliyeiwasha, lakini alifumba macho kana kwamba inamwumiza.

"Ni gari langu," alisema. "Kulikuwa na karamu ya rafiki zangu wa chuo. Nilitaka kufika nalo. Kijana akaniambia kwenye simu ameshafungua betri, mimi nikaona ananifanya mtoto. Nikachukua ufunguo wangu wa pili, nikaruka mnyororo. Sikuwa na spana. Nilikuwa na mkoba wangu."

"Ukabamiza mlango."

"Nikasikia mpira unachanika. Nikasema nitamdai kesho." Alicheka kwa sauti ya kukwaruza. "Pale shuleni nikakanyaga breki ikazama mpaka chini. Hakukuwa na kitu. Nikakanyaga tena..." Akafumbua macho. "Yule mlinzi. Nilipiga simu hospitali, wakaniuliza mimi ni nani, nikakata. Yu hai?"

"Yu hai. Mguu unaunga. Anachouliza ni nani analinda lango lake."

Daktari akafunika uso kwa mikono, mabega yakashuka taratibu kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Kila siku nilikuwa nangoja mtu aniulize," alisema. "Mliniuliza kuhusu fundi tu."

Inspekta akalifunga koleo ndani ya leso. Akampa leso nyingine, safi, na kumwambia asimame.

Mkuu wa kituo aliisoma ripoti yote akiwa amesimama, akalitazama koleo kwenye mfuko wa vielelezo, akalitazama tena, akaguna. "Kumbe mpira uliliwa na kioo," alisema, na sahihi ya kumwachia fundi akaitia bila kuketi. Hiyo kwake ilikuwa sawa na hotuba.

Mzee alikuwa ameitwa kwa simu. Alifika haraka kuliko ilivyowezekana kwa mtu anayetembea, shati lake kwa mara ya kwanza limetoka nje ya suruali. Nje, mama yake Inspekta alikuwa anasikika akimweleza muuzaji kwamba kupe hamchukui, ila kama kuna gari lenye buti ya heshima wanaweza kuongea.

Mlango wa korido ukafunguliwa, fundi akatoka akiwa na chupa ya chai mkononi. Baba na mwana wakasimama, kaunta katikati yao.

"Sukari ilitosha?" mzee aliuliza.

"Ilitosha, baba."

Mzee akaichukua chupa, akaitikisa karibu na sikio. "Hukumaliza."

"Nitamaliza." Kijana akazunguka kaunta, akasimama mbele yake. "Baba. Kila siku unafika mpaka hapa. Selo ni mlango wa pili tu. Mbona hukuingia hata mara moja?"

Mzee alimtazama Inspekta kama mtu aliyepotea njia anayetaka kuelekezwa. Inspekta akajifanya anatafuta funguo za gari ambalo hakuwa nalo tena.

"Nilisikia leo ni daktari," alisema mzee. "Wameniambia kwenye simu. Nimekaa chini barabarani, watu wakadhani nimegongwa."

"Sijakuuliza hilo, baba."

"Najua." Alizungusha mfuniko wa chupa, akaufungua, akaufunga. "Niliogopa kukuuliza kama ni wewe. Niliogopa utaniambia ndiyo, na mimi nisijue niweke wapi miguu. Basi nikawa naleta chai."

"Na ukasema isipoe."

"Sikuwa na maana ya chai." Akamshika mwanawe bega, kwa nguvu, kama anayeshika usukani wa gari linaloteleza. "Nilikuwa nataka kusema rudi nyumbani. Hata kama ni wewe, mwanangu, rudi nyumbani."